Picha Ambayo Rehani Angeifuta

Sajenti Yustina aliketi ukingoni mwa kitanda cha Rehani, simu yake mwenyewe mkononi, akiperuzi ukurasa wa binti huyo kwa kurudi nyuma. Alikuwa amefika kwenye posti za mwezi Machi. Uani, Koplo Hussen alikuwa akichukua maelezo ya kaka mtu, na sauti zao zilimfikia kwa vipande kupitia dirisha la wavu.

Rehani alikuwa na miaka ishirini na minne. Aliuza madera na manukato mtandaoni kutoka chumba hikihiki cha Mitwero, akawa na wafuasi elfu arobaini na moja na binti wa miaka miwili aitwaye Maimuna. Ijumaa, baada ya adhuhuri, hakuonekana tena nyumbani. Leo ilikuwa Jumatatu.

Tatizo ni kwamba tangu Ijumaa ukurasa wake ulikuwa umewekwa posti sita.

"Mimi sielewi, mwanangu," alisema Mwahija, mama yake Rehani, akiwa amesimama mlangoni. Upindo wa kanga alikuwa ameukunja na kuukunjua mpaka umekuwa kama kamba. "Kaka yake ananiambia, mama, mtu huyo hapo anaandika, kafika Dar, wewe polisi unakwenda kufanya nini, unatutia aibu bure. Lakini nikimpigia hapokei. Rehani huyu! Hata bafuni alikuwa anapokea."

"Simu alikuwa anaishika sana?"

"Niulize alikuwa anaiacha lini." Mwahija alicheka kikavu. "Anakula nayo, analala nayo. Tena usiseme simu ndiyo imemharibu. Tangu mdogo yuko hivyo. Wenzake wakicheza wanacheza tu, yeye anataka atazamwe. Usipomtazama anajiangusha makusudi ili uje umwokote. Simu ilikuja ikamkuta."

"Akiweka picha, watu wasipoipenda?"

"Siku hiyo usimsogelee. Anazunguka nyumba nzima anahesabu. Zikiwa chache anaifuta, halafu anakaa kimya kama kafiwa."

Yustina aliandika neno moja kwenye daftari: *anafuta*. Kisha akaanza kukipekua chumba. Begi la safari lilikuwa juu ya kabati, tupu. Viatu vilikuwa vimepangwa jozi nane. Chini ya mto mkono wake ukagusa kitu kigumu, akakitoa. Kilikuwa kichupa cha bluu chenye mdomo wa plastiki.

"Hiki cha nani, mama?"

Mwahija alikikodolea macho. "Cha kwake. Dawa yake ya kuvuta. Ana pumu tangu utotoni. Siku hizi haimsumbui sana, ila vumbi likizidi, au moshi..." Alikigusa kwa kidole. Alipoendelea, sauti ilikuwa imeshuka. "Kakiacha?"

"Amewahi kusafiri bila hiki?"

"Hajawahi. Hata sokoni anakwenda nacho."

Yustina alikitia kwenye mfuko wa vielelezo, akatoka uani.

Dadi, kaka wa Rehani, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamume wa miaka thelathini na kidogo, shati limepigwa pasi ingawa shule zilikuwa zimefungwa. Alikuwa anamalizia kuandika maelezo yake kwa mkono wake mwenyewe. Hakutaka Hussen amwandikie.

"Afande, kuna watu wamepotea kweli," alisema bila kuinua kichwa. "Huyu amekwenda kutembea."

"Kwa nani?"

"Ana marafiki wa huko mtandaoni. Mimi siwajui."

"Wewe una akaunti?"

"Sina. Sijawahi kuwa nayo."

Pikipiki yake ilikuwa imeegeshwa kivulini. Yustina alipitisha kidole kwenye siti, kikatoka na unga wa manjano.

"Salfa," Dadi alisema. "Tunapuliza mikorosho."

Mwezi wa saba nusu ya pikipiki za wilaya ilikuwa na rangi hiyo. Yustina alifuta kidole kwenye suruali, akaagana nao.

Ndani ya gari alimpa Hussen simu. "Tazama hii ya jana."

Picha ilimwonyesha Rehani amesimama kando ya basi, njia panda ya Nangurukuru, miwani kichwani. Chini yake iliandikwa: *Nimefika salama. Ninawashukuru nyote kwa dua zenu. Alhamdulillah.*

"Kapendeza," alisema Hussen.

"Ina laiki mia mbili na kumi. Nimerudi nyuma miezi minne, sijaona picha yake yenye chini ya mia nane. Siyo kwamba hazikuwepo. Anazifuta. Hii imekaa saa ishirini."

"Labda hajaiangalia."

"Komenti sitini na tatu hazijajibiwa. Hussen, huyu dada alikuwa anajibu kila salamu ndani ya dakika mbili, hata za watu wanaomtukana. Angenyamaza moja kwa moja, ningeamini amepumzika. Lakini kuposti halafu asitazame watu wanasema nini? Hiyo siyo tabia yake. Simu anayo mtu mwingine."

Hussen alirudisha simu haraka, kama iliyopata moto.

"Na kuna huyu," Yustina aliendelea. "Anajiita Lukas wa Njia Panda. Kwa miezi minne ndiye wa kwanza kukomenti kila siku. Malkia wangu, nuru yangu, basi maneno hayo. Tangu Ijumaa, kimya."

"Njia panda ya Nangurukuru?"

"Ndiko kwake. Wewe baki hapa, fuatilia watu wa mtandao wa simu watupe eneo. Mimi nakwenda."

*

Saa tano na nusu dereva wa kituo alimshusha Nangurukuru. Hakuhangaika kumpata mtu wake. Mwanamke mmoja muuza chai, Mama Restuta, alimnyooshea kidole kijana mrefu aliyekuwa anakimbia pembeni ya basi na beseni la korosho za kukaanga, akizinyanyua kwa abiria bila kutamka neno.

"Lukas huyo. Ana kigugumizi, ndiyo maana hanadi."

Yustina alimketisha kwenye benchi la nyuma ya kibanda, akaonyesha kitambulisho. Uso wa Lukas ulikauka.

"Simu yako. Ifungue."

Aliifungua. Palikuwa na faili la picha lenye jina la Rehani, picha mia tatu na zaidi. Nyingi Yustina hakuwa amewahi kuziona kwenye ule ukurasa.

"Hizi umezitoa wapi?"

"A-anaziweka, halafu anazifuta. Mi-mimi nazihifadhi kabla."

Mkono wa Yustina ulikwenda wenyewe kwenye pingu kiunoni. "Ijumaa mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Yupo hapa kila siku," Mama Restuta alidakia kutoka jikoni, bila kuulizwa. "Ijumaa alikuwa hapa mpaka basi la mwisho, beseni lile lile. Huyo haendi popote, afande. Akipata nafasi anainamia simu yake tu."

"Umewahi kuonana na Rehani?"

Lukas alitazama vidole vyake. "Mara moja. Mwezi wa tatu. Basi lao lilisimama pale. Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Si-sikwenda."

"Kwa nini?"

"Ningesema nini?"

Yustina aliangalia komenti zake tena. Huyu ndiye aliyeandika mistari kumi ya mapenzi bila kukwama hata mahali pamoja.

"Siku zote unamwandikia wa kwanza. Ijumaa ukaacha. Niambie sababu, Lukas, na usinipotezee muda."

"Kwa sababu siyo yeye."

Alilisema bila kigugumizi hata kidogo. Yustina aliondoa mkono kwenye pingu.

"Hii picha ya basi ndiyo ya siku ile ya mwezi wa tatu. Aliiweka ikakaa dakika ishirini na mbili, haikupata watu, akaifuta. Mimi ninayo, tazama ta-tarehe." Kweli, tarehe ilikuwepo. "Picha iliyomwaibisha hawezi kuirudisha. Na nukta."

"Nukta gani?"

"Rehani hajawahi kuweka nukta. Anaandika maneno yote kwa mkupuo na vikopa. Huyu anaweka nukta kila mahali, kama mwalimu."

Basi jingine liliingia likipiga honi. Lukas hakuinuka.

"Ulijua tangu Ijumaa," Yustina alisema. "Mbona hukumwambia mtu?"

"Ni-ningemwambia nani, afande? Wangeniuliza mimi ni nani kwake."

Yustina hakumsikiliza tena. Alikuwa amefungua picha ya maelezo ya Dadi, ambayo Hussen alimtumia njiani. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa ubaoni. Sentensi ya mwisho ilisema: *Mdogo wangu ni mzima. Ninawashukuru nyote kwa ushirikiano wenu.*

Alipiga simu hapohapo.

"Hussen, Dadi yuko wapi?"

"Namwona hapa. Ndiyo kwanza anawasha pikipiki. Ana chakula amefunga nyuma, anasema anapeleka shamba kwa kibarua."

"Mshike. Mpeleke kituoni, asiondoke."

Gari lilikuwa limeshapita madaraja mawili kurudi kusini Yustina alipoelewa alichokuwa amefanya. Kibarua. Angemwambia Hussen amfuate, sasa hivi wangekuwa wanajua chakula kile kinakwenda kwa nani. Badala yake alikuwa amemfungia kituoni mtu pekee anayejua. Alimpigia Hussen tena.

"Amesema chochote?"

"Hajafungua mdomo. Amekaa tu."

"Ongeza mwendo," Yustina alimwambia dereva. Alishika mfuko wa vielelezo mapajani, akahisi kile kichupa kikigonga gonga goti lake kila gari lilipoyumba.

*

Saa tisa kasoro aliingia chumba cha mahojiano. Dadi alikuwa amekaa wima, viganja juu ya meza, kama msimamizi wa mtihani.

"Simu ya Rehani iko wapi?"

"Sijui."

"'Ninawashukuru nyote.' Umeiandika kwenye maelezo yako, na umeiandika kwenye ukurasa wake."

"Hayo ni maneno ya watu wote."

"Siyo ya Rehani."

Feni ilizunguka. Yustina aliyaona macho ya Dadi yakienda kwenye saa ya ukutani, yakarudi, yakaenda tena.

"Kawaida chakula unakipeleka saa ngapi, mwalimu?"

Yustina alitoa kichupa cha bluu, akakisimamisha katikati ya meza.

Dadi alikitazama. "Kilikuwa wapi?"

"Chini ya mto wake."

"Siku hizi haimsumbui."

"Vumbi likizidi inamsumbua. Mama yako kaniambia." Yustina alikuwa bado anaitamka sentensi hiyo alipouona mstari wa manjano kwenye suruali yake, pale alipofuta kidole asubuhi. Aliinua uso. "Salfa yenu mnaiweka wapi?"

Dadi alitazama saa tena.

"Mwalimu. Salfa mnaiweka wapi?"

"Ghalani. Shambani kwa marehemu baba, Rutamba."

"Hilo ghala lina dirisha?"

Viganja vya Dadi viliondoka mezani. "Mifuko sita," alisema. "Iko kwenye kona. Nimeifunika turubai. Afande, nimeifunika vizuri."

Yustina alikuwa ameshafika mlangoni akimwita Hussen.

*

Walimkalisha Dadi siti ya nyuma ili awaonyeshe njia. Barabara ya Rutamba ilikuwa imekauka, na vumbi la gari lililotangulia lilining'inia mbele yao. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alianza kusema mwenyewe.

"Alhamisi alikuwa laivu, anauza madera. Maimuna akavuta sufuria ya uji. Uji ukamwagika mkononi. Mtoto analia, watu kwenye simu wanaandika, dada, mtoto analia. Yeye anawaambia subirini, anadeka tu. Akaendelea kuuza." Alivuta pumzi. "Video yake ilibaki kwenye simu. Nimeitazama. Dakika nne, afande. Nimezihesabu. Mama ndiye aliyetoka jikoni kwa jirani akamkuta."

"Mama yako hakuniambia."

"Mtoto kapelekwa kwa shangazi ili majirani wasiuone mkono. Mama hataki watu wajue."

"Ukaamua kumfunga dada yako."

"Nilimwambia twende shamba tukaongee. Akakubali. Nilimharakisha, hakuchukua chochote ila simu. Nilimwekea godoro, maji, msahafu. Nilisema siku saba bila simu, atarudi kuwa mtu. Nisingemwacha na njaa. Kila siku saa nane niko pale."

"Na akikusemesha?"

"Namwambia asome."

"Jana alisemaje?"

Dadi aligeukia dirishani. "Alikuwa anakohoa. Nilidhani anajidai ili nimfungulie. Tangu mdogo ana tabia hiyo."

Hussen alikanyaga mafuta.

Ghala lilikuwa la matofali ya kuchoma, bati juu, katikati ya mikorosho iliyopuliziwa mpaka majani yamekuwa na rangi ya ukungu. Kufuli kubwa. Dadi alijaribu ufunguo mara tatu ukamponyoka. Hussen akamnyang'anya, akafungua, akasukuma. Mlango ulisogea upana wa kiganja, ukakwama kwenye kitu laini.

"Usisukume!" Yustina alisema. "Yupo hapo hapo."

Alipitisha mkono kwenye upenyo, akapapasa nywele, bega. Akasukuma bega taratibu mpaka wakapata nafasi ya kupita mtu mmoja. Harufu ya kiberiti ilimpiga machoni. Ndani kote kulikuwa manjano: godoro, ndoo ya maji, kurasa za msahafu, kuta mpaka urefu wa mtu. Turubai halikuwa tena kwenye mifuko. Rehani alikuwa amelivuta usiku ajikinge na mbu, na mifuko miwili iliyoliwa na panya ilikuwa imemwagika sakafuni.

Alikuwa amelala kifudifudi, mdomo ameuelekeza kwenye mwanya wa chini ya mlango, kanga mbichi imezungushwa usoni. Midomo yake haikuwa na rangi ya midomo.

Walimburuta nje. Yustina alimkalisha, akamwegemeza kifuani pake, akamtia kichupa mdomoni na kukibonyeza. Hakuna kitu. Akabonyeza tena.

"Vuta, Rehani. Vuta."

Nyuma yao Dadi alikuwa amepiga magoti, anasema jina la dada yake kwa sauti ya chini, bila kukoma. Yustina alibonyeza mara ya tatu. Kifua kilichoegemea mkono wake kikapiga mluzi mwembamba, kama mlango wenye kutu, kisha kikapanda.

"Geuza gari," alimwambia Hussen.

*

Alfajiri daktari alisema ataishi. Saa nne asubuhi aliruhusu mahojiano, dakika kumi na tano. Yustina alivuta kiti karibu na kitanda. Rehani alikuwa na bomba la hewa puani, na macho mekundu ambayo bado yalikuwa yanachuruzika kwa salfa. Mwahija alikuwa upande wa pili, anamshika mkono.

"Mwanangu," mama alianza kabla Yustina hajafungua jalada, "mwambie afande ulikwenda shamba mwenyewe. Ulikwenda kupumzika, kufuli likajifunga. Kaka yako atafukuzwa kazi, atafungwa. Watu watasema nini?"

Rehani aligeuza uso. Alimtazama Yustina. Sauti ilitoka kidogo kidogo.

"Aliandika nini?"

Yustina alimpa karatasi yenye zile posti sita. Rehani alizisoma polepole, moja moja, mpaka mwisho.

"Watu walijibu?"

"Wengi. Walikutakia safari njema."

"Wote waliamini ni mimi?"

"Isipokuwa mmoja."

Rehani alitikisa kichwa, akaifudikiza karatasi juu ya shuka.

"Andika," alisema. "Dadi alinifungia. Siku nne. Nilimwambia nakufa, akaniambia nisome."

Mwahija aliuachia mkono. Alisimama, akajifunika kanga kichwani, akageukia mlango.

"Usiondoke, mama. Kuna jingine." Rehani alikohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Andika na mkono wa Maimuna. Siyo kwamba sikusikia. Nilimsikia tangu mwanzo. Watu walikuwa elfu mbili wananitazama, nikaona nikiinuka wataondoka."

Kalamu ya Yustina ilisimama. "Hilo linaweza kukugeukia. Likishaingia hapa, ustawi wa jamii watalisoma. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Mwanangu, hilo hakuna anayekuuliza!" Mwahija alisema.

"Ndiyo maana nalisema."

Nesi alichungulia, akaonyesha saa yake. Yustina alimwinulia mkono kuomba muda zaidi, akaitazama fomu. Tarehe ya tukio alikuwa ameijaza tangu kituoni: Ijumaa.

"Tuanze na lipi?" aliuliza.

"La mtoto. Ndilo lililotangulia."

Yustina aliikata Ijumaa kwa mstari mmoja, akaweka sahihi yake kando, na juu yake akaandika Alhamisi.